Udongo wa Hisani

Kitu cha kwanza walichokuja kuchukua ni kibao.

Mto ulikuwa umejaa pomoni, unaburura magogo karibu na mdomo wa tuta, na watu wa mtaa wa chini walikuwa wamesimama milangoni tangu kulipopambazuka, wakingoja gari la kampuni lilete viroba vya mchanga. Gari lilipochomoza kule juu, watu wakashusha pumzi. Wakateremka vijana wawili wenye makoti ya mvua ya njano. Hawakushusha kiroba hata kimoja. Walikwenda moja kwa moja kwenye shimo la udongo, wakakishika kibao, wakakitikisa huku na huku kama wanang'oa jino, wakakitupa garini, wakaondoka.

"Kibao?" alisema jirani mmoja, mwanamke waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Mto unataka kutumeza, wao wamekuja kuchukua kibao? Wanakwenda kukizuilia maji?"

Watu wakacheka. Kiganja hakucheka. Kuna kitu kilimkaa rohoni, akashindwa kukipa jina.

Kiganja si jina alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi wa kukandika nyumba, na kazi yake aliimalizia kwa kiganja cha mkono, si kwa mwiko wala ubao. Ukuta aliopitisha mkono wake ulikuwa laini kama shavu, na nyufa hazikuujua. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa kazi yake, na iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya kwake mwenyewe. Wapita njia walikuwa wakisimama kuugusa ule ukuta wa mbele, naye akijifanya haoni.

Siri ya ukuta ilikuwa udongo. Ardhi ya mtaani ilikuwa kichanga kitupu, ukikandika nayo leo, kesho iko sakafuni. Udongo wa kunata ulikuwa mmoja tu, ule wa tuta, ulioletwa na malori kutoka mbali wakati kampuni ilipouzuia mto usihamehame. Ng'ambo, kwenye miwa, tuta lilipandishwa juu likavishwa mawe. Upande wa watu liliachwa fupi, udongo na nyasi, na watu wakaambiwa washukuru. Kisha ukaja ukarimu mwingine. Msimamizi wa tuta, yule waliyemwita Kofia kwa sababu ya kofia yake nyeupe ya kazi isiyowahi kuona tope, alisimamisha kibao chini ya tuta, nyuma tu ya nyumba zao: RUHUSA KUCHIMBA UDONGO HAPA TU. KWA HISANI YA KAMPUNI.

Watu hawakuhangaika na maneno yote hayo. Walichukua moja, wakapaita mahali pale Hisani. "Naenda Hisani." "Niletee ndoo mbili za Hisani." Mtu akitaka kujisifu alisema nyumba yake ni ya Hisani tupu, haina kichanga ndani. Kila kiangazi walichimba, na kila kiangazi shimo liliingia ndani zaidi ya tumbo la tuta. Aliyechimba kuliko wote alikuwa Kiganja.

*

"Wameleta viroba?" aliuliza mama mkwe kutoka kitandani.

"Bado, mama."

"Wamekuja kufanya nini, basi? Nimesikia gari."

"Wamechukua kibao."

Bibi aligeuza uso kuelekea dirishani. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka mmoja nyuma, na tangu hapo dunia yake ilikuwa chumba hiki, dirisha lake, na masikio yake ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Watoto walikwisha kupelekwa kwa mama yao mkubwa kule mwinukoni. Yeye alikataa kubebwa mgongoni. Alisema hakuzaliwa gunia. Alitaka abebwe na wanaume wawili, kwenye kitanda, kama mtu. Lakini wanaume wote wa mtaa, pamoja na mwanawe, mume wa Kiganja, walikuwa wameitwa ng'ambo kupanga viroba kwenye tuta la mawe. Waliambiwa atakayetoka kwenye mstari asirudi tena kazini.

"Mara ile walisema ni mbuzi," bibi alisema.

Kiganja alifumba macho. Hadithi ya mbuzi ilikuwa imechakaa ndani ya nyumba hii. Bibi aliitoa mvua zikianza, mvua zikiisha, na hata jua likiwaka. Wajukuu walikuwa wakiiigiza, mmoja bibi, mwingine mbuzi.

"Ndiyo, mama. Mbuzi. Pumzika, mimi nakwenda darajani kuomba viroba."

"Kaombe," bibi alisema. "Hata mimi niliomba."

*

Njia ya kwenda darajani ilipita juu ya tuta. Kiganja alitembea huku mto ukiwa mkono wa kushoto, karibu aunawe, na mapaa ya mtaa mkono wa kulia, chini kabisa. Hakuwa amewahi kuona vitu hivyo viwili kwa pamoja namna ile, maji yakiwa juu ya nyumba. Aliacha kutazama pembeni.

Ng'ambo palikuwa na kazi ya mchwa. Wanaume walijipanga mstari, viroba vinapita mkono kwa mkono, na ukuta wa mawe ulikuwa umeongezewa ukuta mwingine juu yake. Mumewe alikuwa katikati ya mstari. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufyeka nyasi za tuta, na leo walimfanya kuli. Alimwona mkewe, akainamisha uso.

Kofia alikuwa ndani ya gari, kioo kimefunguliwa robo, anakunywa chai.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Hapa ni eneo la kazi, mama."

"Tunaomba viroba. Hata vitupu, tutajaza wenyewe."

"Viroba ni vya upande huu."

"Na upande wetu?"

"Upande wenu mna tuta."

"Tuta limeliwa tumbo, mkubwa. Pale Hisani..."

"Pale wapi?"

"Hisani. Pale mlipotuambia tuchimbe."

Kofia akamgeukia dereva, akiwa na tabasamu la mtu aliyesimuliwa kichekesho. "Umesikia? Eti tuliwaambia wachimbe tuta." Akarudi kwa Kiganja, sauti ikiwa ya upole, kama anasema na mtoto. "Mama, fikiri mwenyewe. Kuna mtu mwenye akili zake timamu atawaambia watu wachimbe tuta la mto?"

Kiganja aliyapima maneno hayo. Likiulizwa hivyo, kweli, hakuna.

"Kibao kilikuwepo," alisema.

"Kibao gani?"

"Mlichokichukua asubuhi."

"Mimi asubuhi nilituma vijana wakague. Wameniambia wamekuta watu wamechimba. Ndivyo nilivyowaarifu wakubwa." Sasa alipaza sauti, hata mstari wa viroba ukasikia. "Mmelila tuta, mkajipakia nyumba zikapendeza, leo mnataka mpewe lingine mle tena!"

Wachache mstarini walicheka, vile vicheko vya kuombea kazi. Mumewe akachomoka nje ya mstari.

"Bosi, huyo ni mke wangu."

"Basi mfundishe mkeo kuchimba uani kwake. Rudi kwenye mstari."

Mume alisimama. Kiganja aliona jinsi mikono yake ilivyokuwa inaning'inia, mitupu, haijui ifanye nini. Halafu kiroba kikamfikia, akakipokea, akampa wa pili. Kioo cha gari kikapanda taratibu, kwa sababu mvua ilikuwa inalowesha kiti.

Alipokuwa akipita nyuma ya gari, Kiganja aliona turubai, na chini ya turubai mguu wa kibao umechomoza. Bado ulikuwa na donge la udongo. Aliujua udongo ule. Angeutambua gizani, kwa kuushika tu. Ndipo lile lililomkaa rohoni asubuhi likapata jina lake: walikuwa wamemwondoa shahidi kabla tuta halijabomoka.

*

"Wamesemaje?" bibi aliuliza.

"Wanasema tumelila tuta."

"Mara ile walisema ni mbuzi."

Safari hii Kiganja alikaa kitandani, nguo zikimchuruzika maji. "Mama, hao mbuzi aliwaruhusu nani?"

Bibi alimtazama sana. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Msimamizi wa wakati ule. Alikuja na pikipiki, mcheshi, anasalimia hadi watoto. Akasema, wapitisheni mbuzi hapa tu, msijichoshe kuwazungusha mbali. Tukamchinjia jogoo! Mbuzi wakapita, wakapita, wakakwangua, tuta likafanya bonde kama tandiko la punda. Mto ulipojaa haukutafuta njia, ulishatengenezewa. Ng'ambo hawakupoteza hata muwa mmoja. Mimi nilipoteza baba wa mume wako. Nikaenda ofisini kwao nimebeba shati lake limelowa. Unajua waliniambia nini? Kawadai mbuzi."

"Na ile ardhi mliyokuwa mkiishi?"

"Si ndiyo ile yenye miwa karibu na kiwanda! Walisema pale si pa kuishi watu, ni njia ya maji. Tukaletwa huku. Maji yalipokauka, njia ya maji ikalimwa."

Kiganja alikuwa bado anaitafuna habari hiyo ilipokuja sauti ya Redio kutoka nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane sauti hiyo haikuwa na neno la ziada.

"Njooni!"

Ndani ya shimo la Hisani, kwenye ukuta wa tuta, palikuwa panatoka maji. Si mengi, unene wa mkono wa mtoto. Lakini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kiganja alikumbuka maneno ambayo mumewe huyasema akirudi kufyeka: maji meupe yakichuruzika chini ya tuta, hilo ni jasho, usihangaike. Ukiona yana rangi, ujue tuta lenyewe ndilo linatoka.

Wanawake walikuja na majembe na ndoo. Walichota kichanga cha uani, wakamwaga. Kikayeyuka kama sukari. Wakamwaga tena. Tundu likapanuka, donge likadondoka kutoka juu, wakaruka nyuma wakipiga kelele.

"Tukimbie," alisema mmoja. "Mali hutafutwa."

"Ukimbilie wapi?" Kiganja alimjibu. "Likibomoka leo, kesho watakwambia hapa si pa kuishi watu. Watatupeleka bonde jingine, watatusimamishia kibao kingine, na sisi tutashukuru."

"Sasa tuzibe na nini, mwenzangu? Huu mchanga hauzibi hata sikio. Udongo wa kunata uko wapi? Wote ulichimbwa!"

Ulichimbwa. Kiganja aligeuka kutazama ulikokwenda. Ulikuwa pale, mkavu chini ya mabati, umesimama wima, umelainishwa kwa mkono, safu nzima ya nyumba. Wake ndio uliokuwa karibu zaidi.

Alikwenda hadi ukutani kwake, ule wa mbele. Akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka kama ameungua. Kisha akainua jembe.

"Weee!" Redio alimdaka mkono. "Umepagawa? Nyumba hiyo! Mumeo akirudi?"

"Akirudi akute nyumba au akute maji?"

"Na sisi? Unataka na sisi tubomoe?"

"Sijamwambia mtu. Nabomoa kilicho changu. Na si changu, ni cha tuta, nililikopa."

Kutoka ndani ikaja sauti ya bibi, kali kama ya mtu mwenye miguu mizima. "Nitoeni kwanza! Au mnataka kunikandika humu humu?"

Wanawake wanne walimtoa na kitanda chake, wakampandisha juu ya tuta, maana pale palikuwa na njia ya kwendea mwinukoni kama mambo yangeharibika. Akakaa kwenye mito, mwavuli mkononi, mto unanguruma nyuma yake, akawatazama kwa juu. "Si nilisema nataka kitanda," alisema. "Wanaume wawili au wanawake wanne, hesabu ni hiyo hiyo."

Jembe likapiga. Ukuta haukukubali kirahisi, kazi nzuri ina ubishi wake. Pigo la tatu likatoa bonge kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na nyuma yake zikaonekana fito, kama mbavu. Kiganja alilibeba kifuani bonge hilo. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimsaidia kubeba.

Hakulitupa kwenye tundu. Mumewe alikuwa amewahi kumweleza jinsi tuta linavyotibiwa, wakati huo akimsikiliza nusu nusu huku anapika: usiyafunge maji, yatakwenda kutoboa kwingine. Yaache yapite, udongo ubaki. Walileta nyasi zilizofyekwa, wakazipanga ndani ya shimo matita matita. Wakalaza fito juu yake, kisha mlango wa Kiganja mwenyewe, na hapo ndipo mabonge yakaanza kupangwa, moja juu ya jingine, wakiyashindilia kwa miguu. Ukuta wa mbele ukaisha. Ukaingia wa ubavuni.

Redio alisimama mikono kiunoni. Akatazama tundu, akatazama nyumba yake, akatazama tena tundu. "Na mimi nilikulipa kuku wawili kwa ukuta ule," alisema. "Wawili, Kiganja. Mmoja anataga." Akaenda kuchukua jembe.

Wengine wakafuata, si wote. Wako waliofunga virago wakapita juu ya tuta bila kugeuka nyuma, na mmoja alifunga mlango wake kwa kufuli, kisha akakaa mbele yake na panga. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyekuwa na muda.

*

Jioni ilipoanza kuingia mume alikuja mbio juu ya tuta, mikono imechubuka kwa viroba. Alimkuta mama yake kwanza.

"Mama! Unafanya nini huku?"

"Nasimamia kazi. Kofia ninayo pia," bibi alisema, akigonga mwavuli.

Mume alitazama chini. Nyumba yake ilikuwa imesimama, paa na fito, unaona kutoka mbele hadi nyuma: meza, ndoo, nguo zake kwenye kamba, kitanda chao kiko hadharani. Kisha akamwona mkewe ndani ya shimo, tope hadi kiunoni, anakanyaga.

Aliteremka polepole.

"Umebomoa nyumba."

"Nimebomoa."

"Bila kuniambia."

"Ulikuwa mstarini."

Lilimpata. Maji yalikuwa bado yanatoka chini ya nyasi, na yeye, kwa mazoea ya kazi, akachuchumaa akayakinga mkononi. Akayatazama muda mrefu. Wanawake waliacha kukanyaga.

"Yanaanza kuwa meupe," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Ongezeni uzito. Hapa, na hapa." Akavua shati. "Na mimi nimemwaga unga. Nimeacha kiroba njiani, kimedondoka miguuni pa Kofia. Nadhani kimempata kidole."

Redio akaangua kicheko, na cheko lile likapita shimoni kama maji ya kunywa. Wakarudi kukanyaga.

*

Asubuhi mto ulikuwa umeshuka kiganja kimoja. Hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa juu ya mabonge, macho mekundu, wanatazama alama ya unyevu kwenye mti kama mtu anavyotazama kifua cha mgonjwa.

Gari la kampuni likaja. Kofia aliteremka na wale vijana wawili wa makoti ya njano, anachechemea kidogo. Alitembea hadi ukingoni, akatazama shimo lisilokuwepo tena, akatazama nyumba zilizobaki fito. Ni wazi alikuwa amekuja kutazama kitu kingine.

"Nani amewaruhusu kugusa tuta la kampuni?"

Kiganja alikuwa amepiga magoti, anapitisha mkono juu ya udongo mbichi, analainisha. Hakuinua kichwa.

"Nauliza! Nani amefanya hivi?"

"Ni mbuzi," alisema bibi kutoka kitandani.

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja kikaenda hadi mwisho wa safu. Watu waliokuwa wameikimbia hadithi ile miaka mingi walicheka hadi wakashika mbavu, na wengine kicheko kiligeuka kilio katikati. Kofia alisimama, kofia yake nyeupe, hajui kinachochekwa. Mmoja wa vijana, mdogo zaidi, alikuwa anatazama chini. Ghafla akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua kazi yake:

"Bosi, kibao tukirudishe?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nyuso zote ziligeuka kwa Kofia, moja baada ya nyingine.

"Pandeni gari," alisema.

Alipanda yeye. Kijana alizunguka nyuma, akainua turubai, akakishusha kibao, akakilaza kwenye nyasi taratibu, ndipo akapanda. Huenda leo naye hana kazi.

Mume wa Kiganja alikibeba kibao begani. Walichimba tundu ndani ya nyumba, pale ulipokuwa ukuta wa mbele, wakakisimamisha, maandishi yakitazama njia. Atakayekitaka tena atapita sebuleni kwao, mbele ya watu.

"Mvua hazijaisha," mume alisema, akitazama fito. "Tutakandika na nini?"

Kiganja alikuwa ananawa. Tope lilitoka vidoleni, lakini lile la kwenye mistari ya kiganja halikutoka. Huko juu mtoni wingu lilikuwa limeanza kujifunga tena. Alilitazama, kisha akalitazama tuta, pale palipovimba ukuta wake, wa Redio na wa majirani wengine.

"Tumeshakandika," alisema, akachukua jembe, akarudi kule.